Paka Chini ya Kitanda cha Mtoto

Watu wakimwona paka amelala huona raha. Mimi nikimwona, cha kwanza natazama miguu yake, kisha masikio, kisha sakafu aliyoilalia, na hapo ndipo naweza kukaa. Majirani zangu wa hapa Nyasubi wameshanizoea. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nataka kumnunua paka wake au nampima ugonjwa. Nikamjibu kwamba naangalia kama amelala kweli. Akacheka sana, akasema kazi ya paka ni kulala, sasa kuna nini cha kuangalia. Sikumweleza, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na kila nikiisimulia viganja vyangu hutoka jasho.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Mwakitolyo, pembeni kidogo ya machimbo: mume wangu, mimi, na binti yetu ambaye alikuwa hajafikia hata umri wa chekechea. Mume wangu ni Mnyiramba wa Singida aliyeifuata dhahabu. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo niliyemfuata yeye, kwa hiyo ukitazama vizuri mimi ndiye niliyepotea zaidi. Yeye aliingia duarani, yaani shimo la dhahabu, na wenzake, mimi nilishona. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba viwili na sebule, lakini ilikuwa na sakafu ya saruji, na sakafu ile ndiyo ilikuwa fahari yake. Mgeni alikuwa hajamaliza kusalimia, tayari ameshaambiwa avue viatu.

Paka tulimleta kwa ajili ya panya waliokuwa wanatafuna vitambaa vya wateja wangu. Alikuwa wa kijivu, mkia umekatika ncha, na hakuwa na adabu hata kidogo. Kwa kuwa nilishinda sebuleni kwenye cherehani, nilikuja kuujua usingizi wake kuliko ninavyoujua wa mume wangu. Asubuhi alilala mlangoni juu ya vipande vya vitambaa, jua likisogea naye anasogea. Jua likiwa kali alihamia chumba cha mtoto, chini ya kitanda, kwenye saruji ya baridi. Binti yangu naye hakukubali kulala mchana bila yeye. Alilala ukingoni, akaning'iniza mkono mpaka vidole viguse manyoya, hapo ndipo macho yake yalifumba.

Usingizi wa paka si mmoja. Mara nyingi unapodhani amelala, yuko katika mang'amung'amu tu: miguu ya mbele ameikunja chini ya kifua, macho yamebaki mstari, lakini masikio yanafanya kazi. Ukidondosha sindano ameshaamka. Usingizi wenyewe hasa ni ule wa kujilaza ubavu au chali, nyayo zote nje, sharubu zinachezacheza, na ukiinua mguu wake unadondoka wenyewe. Huo ni usingizi wa pono, na paka haulali mahali asipopaamini. Chini ya kitanda cha binti yangu alikuwa anaulala kila mchana, na mimi nikikanyaga cherehani yangu nilijisikia nimewalaza wote wawili.

Kiangazi kimoja mtoto aliamka analia kwamba paka hataki kulala. Nikaenda, nikainama. Paka alikuwa mahali pake pale pale, lakini amebana kifua sakafuni, shingo imenyooka, na masikio yote mawili ameyainamisha kuelekea chini. Nilimwita hakugeuka. Nilimsogezea dagaa, hakumtazama. Alikuwa anaikazia macho ile saruji kama mtu anayesoma.

Nikajua ni nyoka. Nimekulia shambani, na kwetu paka akitumbua macho mahali pamoja unachukua fimbo kwanza, maswali baadaye. Nilimnyakua mtoto nikamketisha juu ya meza ya cherehani, nikamwambia akithubutu kushuka atanitambua, kisha nikaingia na fimbo na tochi. Nilihamisha kitanda, nikakung'uta chandarua, nikapapasa kuta kutoka pembe hadi pembe huku roho iko juu. Hapakuwa na ufa wa kupita hata mjusi. Paka alinitazama nikihangaika, halafu akarudi pale pale na kuinamisha masikio.

Kuanzia hapo nilishona jicho moja likiwa kwenye mlango wa chumba kile, na nilichokiona kilinikosesha hamu ya chakula. Paka alikuwa na zamu. Asubuhi alitega masikio. Saa za watu kula mchana alijilaza ubavu akalala fofofo. Jua likianza kulegea, ghafla anajikunja na kutega tena. Sasa, panya hana zamu, na nyoka hana saa ya chakula. Nilifunga mlango wa mbele ili wateja wasinikute, nikaingia chini ya kitanda cha mwanangu, nikalala kifudifudi kando ya paka na kuweka sikio kwenye saruji.

Mwanzo nilisikia moyo wangu tu. Halafu, mbali chini yake, ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kisha kitu kizito kinaburutwa. Mke wa mchimbaji hahitaji kuambiwa mlio wa nyundo na tindo. Kule machimboni mtu anaingia kwenye duara lililo mbali kabisa, lakini akishafika chini anaufuata mkanda wa dhahabu popote unapopinda. Mkanda haujui mpaka wa kiwanja cha mtu, wala haujui mtoto wa nani amelala wapi. Nilitoka chini ya kitanda kinyumenyume, nikambeba binti yangu mzimamzima na shuka lake nikaenda kumlaza nje kivulini.

Mume wangu aliporudi jioni nilimweleza kabla hajanawa mikono. Hakubisha. Alijitupa sakafuni, akasikiliza muda mrefu, na mimi nilisimama nikisubiri anyanyuke aseme twende, mtoe mtoto, kusanya vyombo. Alinyanyua uso na alikuwa anatabasamu.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani, "wameshika dhahabu. Mkanda unapita kwetu."

"Mtoto analala juu yake, baba."

"Ndiyo maana yake! Uko chini ya kitanda cha mwanangu mwenyewe, halafu waje wauchukue wengine?"

Sijawahi kuogopa maneno kama nilivyoyaogopa yale. Mtu mwingine yeyote duniani akisikia wanaume wanachimba chini ya kitanda cha mtoto wake atakimbia. Mchimbaji anachukua nyundo awahi kuwafikia.

Kesho yake asubuhi alikuja na mwenzake wa duarani, Msukuma aliyekulia Mwadui, ambaye kwa kuzaliwa karibu na almasi alijiona anayajua mawe kuliko sisi sote. Alisimama mlangoni kwa heshima zake zote. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia, mayu kwao ni mama, akavua viatu, akaingia chumbani. Walimkuta paka ametega. Yule bwana akachuchumaa, akamtazama paka, akatazama sakafu, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mnyama huyu msimfukuze, mayu," akaniambia. "Anawaonyesha."

Nilimwambia paka haonyeshi kitu, paka anasikiliza. Nilimwambia tangu mabwana wale waanze kugonga huyu mnyama hajalala usingizi wa maana isipokuwa saa ya chakula chao. Alinisikiliza kwa upole, halafu akaomba chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Wakamsukuma paka kando kwa mguu, wakachora msalaba mahali alipokuwa amelaza kifua. Mchana huo huo ile sakafu iliyovuliwa viatu na kijiji kizima, mume wangu mwenyewe aliipasua kwa nyundo na hakusikitika hata kidogo.

Nilipiga kelele, msidhani nilikaa kimya. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja, akainama juu ya shimo, akasikiliza, kisha akamvuta mume wangu pembeni na kumuuliza kama bado kuna nafasi ya mtu wa kuchangia. Nilipanga kurudi kwetu Ushirombo na mtoto, hata mfuko niliufunga. Lakini kila nilipoushika nilijiuliza: nikiondoka, siku udongo ukimfukia huyu mwanaume humo chumbani, nani atapiga yowe? Mwenzake ndiye aliyekuwa anavuta kamba ya ndoo, na mwenzake alikuwa mtu wa kwenda kuvuta sigara. Kwa hiyo nikabaki, nimegawanyika katikati, namwogopea aliye chini na namwogopea aliye juu. Kila mume wangu alipozama zamu yake nilisali kimoyomoyo mpaka nione kofia yake tena.

Mtoto nilimhamishia sebuleni, mkeka wake miguuni pangu. Kitanda kilibaki chumbani kimesukumwa ukutani, chandarua kinaning'inia juu yake na vumbi la kutosha. Paka yeye, nyundo ya kwanza tu ilipopigwa ndani, alihama. Akawa analala juu ya paa la jiko, tena yale mang'amung'amu yake. Binti yangu akawa hapati lepe la usingizi mchana, analia akimwita, na akinikimbia anakimbilia mlango wa chumba kile kumtafuta. Niliufunga kwa kamba ya gunia. Bado niliota macho yapo wazi kwamba kamba imelegea na mtoto amesogea ukingoni, anainama kuangalia chini ya kitanda ambako sasa hakuna chini.

Wetu wakipumzika, paka alishuka kutoka juu ya jiko. Alikuja mpaka kizingiti cha sebule, akasimama, akainamisha masikio. Hapo nikajua wale wa chini hawajapumzika. Baadaye hata sikuhitaji paka. Pini zilizokuwa kwenye kisahani changu zilianza kutetemeka zenyewe kidogo kidogo, na nilipoweka kiganja mezani niliwasikia mkononi.

Siku moja mume wangu alipanda kutoka shimoni, uso wote unang'aa. "Nikigonga wanajibu," akasema. "Nikinyamaza nao wananyamaza."

"Na wewe jambo hilo linakufurahisha?"

"Wanajua tumewahi, mama. Wameingiwa na hofu."

Nilimwambia hofu yote ya Mwakitolyo iko hapa kwenye kifua changu, hakuna iliyobaki ya kuwagawia wao. Alicheka. Alinishika bega kwa mkono wenye udongo na kuniomba nivumilie siku mbili tatu. Wachimbaji wote siku zao ni mbili tatu.

Kisha ikaja siku ambayo kulikuwa kimya. Mume wangu na mwenzake walikuwa wamefunika shimo kwa mbao na kwenda kwa mhunzi kunoa tindo, halafu wapitie kwa mama lishe. Nilikuwa namalizia sare za shule. Pini zangu zilitulia kisahanini. Paka akaingia kutoka nje, akapita kizingiti bila kusimama, akazunguka mkeka wa mtoto, na kujilaza kando yake. Alijinyoosha. Akageuka ubavu, akatoa nyayo nje, na baada ya muda sharubu zikaanza kuchezacheza.

Niliacha kushona nikamtazama. Niliinua mguu wake mmoja kwa kidole, ukadondoka. Binti yangu alikuwa ameshalala, mkono umezama kwenye manyoya ya tumbo, na wote wawili walikuwa wanapumua taratibu. Nilihisi kitu kinafunguka mgongoni. Wameacha, nilijiambia. Wamekuta mwamba mtupu wamegeukia kwingine. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu niliyekuwa namwamini kuliko binadamu wote wa nyumba ile alikuwa amelala usingizi wa pono mbele yangu. Nikaegemeza kichwa kwenye cherehani, usingizi ukanipitia.

Hapakuwa na mshindo. Ilikuwa kama mtu mkubwa amekaa chini kwa uchovu upande wa pili wa ukuta. Mlango wa chumba ukajibamiza, kamba ikakatika, na vumbi likatokea chini yake likatufunika. Paka hakunitangulia. Tuliamka pamoja, mimi na yeye, na nikamwona anaruka dirishani wakati mimi nimeshamshika binti yangu kwa mkono mmoja na gauni, namburuta kuelekea uani. Ukuta ulitoa mlio. Nilipogeuka niliona ufa umeshuka kutoka kwenye bati, umeishia juu kidogo ya mahali mkeka ulipokuwa.

Nilisimama uani nimemkumbatia mtoto, analia vumbi limejaa mdomoni, nami siwezi hata kumpangusa. Nilisubiri ukuta uanguke. Badala yake niliona mwanga. Ulikuwa ndani ya chumba, unatoka chini, unayumbayumba kwenye bati kama mtu anatafuta kitu darini. Halafu ikaja sauti.

"Hodi! Hodi hapo juu!"

Mungu anisamehe, neno lililonijia mdomoni ni karibu. Nililimeza. Nilisogea dirishani nikachungulia. Nusu ya chumba haikuwepo. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeinama, miguu miwili iko hewani, na chandarua kinaning'inia juu ya shimo. Katikati ya kifusi alikuwa anapanda mwanaume mtu mzima mwenye ndevu, mweupe kwa vumbi, taa kwenye paji la uso.

"Samahani, mama," akasema aliponiona. "Kumbe hapa kuna nyumba?"

"Hapa ni chumba cha mtoto," nikamjibu.

Alikitazama kitanda, akakitazama chandarua, akanitazama mimi na nilichokuwa nimekibeba. Akazima taa yake. "Mzima?"

"Huyu hapa. Na wenzako?"

"Wametoka wote kwa nyuma. Mungu mkubwa."

Majirani walianza kujaa uani, na kati yao nikamwona mume wangu anakuja mbio, tindo zilizonolewa ziko mkononi, mwenzake nyuma yake. Alinipita. Alishika fremu ya dirisha akatazama ndani, na kwa muda kidogo niliona uso wake umekuwa wa mtu aliyeogopa. Halafu uchimbaji ukamrudia.

"Mmeshika?" akamuuliza yule bwana.

"Sisi?" Yule bwana alipangusa mdomo kwa mkono. "Sisi hatuna kitu, ndugu. Tulikuwa tunatoboa kwenda upande wa barabara, mawe matupu, tukawa tunataka kuacha. Halafu tukasikia mnagonga huku juu. Tukasema hawa wameshika, tukageuza kuja kwenu. Leo tumekuta udongo laini, nyundo tumeziweka chini, tunakwangua tu na mikono." Alimtazama mume wangu kwa matumaini. "Nyinyi je, mmeshika?"

Mume wangu alikuwa anakitazama kile kitanda kilichoinama. Mwenzake alifungua mdomo kusema habari ya paka, akaangalia watu, akaufunga. Mtoto alikuwa anakohoa.

"Mtoto alikuwa amelala wapi?" mume wangu akaniuliza bila kugeuka.

Nilimwambia sebuleni, upande wa pili wa ukuta huu. Aliondoka dirishani akaenda mlango wa mbele, akasimama kizingitini akiutazama ufa na mkeka ulio chini yake, na shuka lililobaki hapo limejaa udongo. Alikaa hivyo mpaka nikadhani hatarudi. Aliporudi aliziangusha zile tindo chini, moja baada ya nyingine, akanyoosha mikono akiomba apewe mtoto. Nilimpa. Alimkumbatia kifuani, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka miguu ya mtoto inagongana, nikamchukua tena.